Mlango wa gari ukikataa kufunguka, tusiuvunje



Kuvuna ni kazi, na kufikisha mavuno ku soko ni kazi ingine. Siku moja tulitoka Kabare na nyanya za ushirika. Tulipofika Bukavu, mlango wa nyuma wa gari ukakataa kufunguka. Vijana wakaleta chuma, wakaingiza, wakavuta. Ulifunguka, lakini ulipinda, na tulirudi nyumbani tumeufunga kwa kamba. Pesa ya garaji ilikula faida yetu. Kumbe shida ilikuwa ndogo: mizigo ilisogea njiani, ikasukuma mlango kutoka ndani, na ulimi wa kitasa ukabanwa.

Mlango unafanya kazi ginsi gani?

Kishikio cha nje na cha ndani vinavuta kitu kimoja: kitasa. Kati yao kuna fimbo nyembamba ya chuma ao waya. Kwa hiyo shida iko fasi moja kati ya tatu: kishikio, fimbo ao kitasa.

Tufanye nini?

1. Mtu mmoja asukume mlango kuelekea ndani, mwingine avute kishikio polepole. Kama ni mizigo inabana, utafunguka.

2. Unafunguka kutoka ndani tu? Tutazame kishikio cha nje na fimbo yake. Mara nyingi fimbo imechomoka, haikuvunjika.

3. Mlango wa abiria wa nyuma unafunguka kutoka nje tu? Tutazame ukingoni mwa mlango: magari mengi yana kifungo kidogo cha kuzuia watoto. Tukirudishe, imeisha.

4. Hakuna upande unaofungua? Tujaribu ufunguo ku mlango wenyewe, zaidi kama betri imekufa. Ikishindikana, tupitie mlango mwingine, tushushe mizigo, tuite fundi.

Mlango ukisha kufunguka

Hapana kuufunga mara moja! Tupanguse vumbi na matope ku kitasa kwa brosi, tutie matone machache ya mafuta ya mashine ya kushona. Mawese hayafai: yanashika vumbi, na kwenye baridi yanaganda.

Halafu tupime. Mlango ukiwa wazi, tusukume ulimi wa kitasa kwa turnevisi mpaka ukae kama umefunga. Tuvute kishikio. Ukiachia kila mara, tufunge mlango. Usipoachia, tusifunge, juu tutarudi kulekule.

Na siku zote tupakie mizigo tukiacha nafasi mbele ya mlango, tuifunge kamba. Mtu asisafiri nyuma ya mlango usiofunguka kutoka ndani. Nyanya zikipotea tutapanda zingine, mtu, hapana.

Tujadiliane ku mkutano

– Milango yote ya gari letu inafunguka pande zote mbili?
– Nani ataipima kabla ya siku ya soko?