MAFUNZO YA SHAMBA: MAHALI NA NASABA KATIKA JANI LA MKARAFUU



Kila ufikapo wakati wa kuotesha miche, swali huwa ni moja: tuokote mpeta chini ya mti upi? Wengi hujibu kwamba tuuokote chini ya mti uliobaki na majani mabichi wakati wa kiangazi kikali. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mti waweza kustahimili jua kwa sababu ya nasaba yake. Tena waweza kustahimili kwa sababu mizizi yake imefika penye maji. Mpeta huchukua nasaba kwenda nayo kitaluni, lakini bonde hubaki pale pale. Katika somo hili twaeleza jinsi wataalamu wanavyotafuta mambo haya mawili ndani ya jani lenyewe.

Kaboni nyepesi na kaboni nzito

Jani hujilisha kwa hewa ya ukaa, ambayo huingia kwa matundu madogo sana yasiyoonekana kwa jicho. Katika hewa hiyo mna kaboni nyepesi, iitwayo kaboni 12, na kaboni nzito, iitwayo kaboni 13. Namna hizi za kitu kimoja zenye uzito mbalimbali huitwa isotopu. Katika kila chembe 1,000 za kaboni, kiasi cha 989 ni nyepesi na 11 tu ni nzito.

Jani hupendelea nyepesi. Matundu yakiwa wazi hewa huwa tele, nalo huchagua. Ardhi ikikauka, mti hufunga matundu ili maji yasipotee. Hewa iliyomo ndani hupungua, na jani hulazimika kutumia hata kaboni nzito. Ni kama mnunuzi wa samaki: madau yakifika mengi huchagua, likibaki fungu moja hulichukua lilivyo.

Kaboni hiyo hujenga mwili wa jani. Kwa hiyo jani likikaushwa, likasagwa na kupimwa kwa mashine, laonyesha mti ulivyotumia maji muda wote jani lilipokuwa likikua.

Yatokanayo na mahali

Ukame huongeza kaboni nzito, na kivuli huipunguza. Hata katika mti mmoja, majani ya juu yapigwayo na jua huwa na kaboni nzito zaidi kuliko ya chini yaliyo kivulini. Basi anayetaka kulinganisha miti miwili achume majani ya umri mmoja, ya kimo kimoja, na ya upande mmoja wa jua.

Yatokanayo na nasaba

Mahindi na miwa huishika hewa ya ukaa kwa njia isiyo ile ya mpunga, muhogo na mkarafuu. Tukichukua kipimo cha kulinganishia kuwa na sehemu 1,000 za kaboni nzito, mahindi huwa na kiasi cha 987, na mimea ya kundi la mkarafuu kiasi cha 973. Hiyo ni nasaba ya mbali.

Nasaba ya karibu nayo ina kazi. Huko Australia, Graham Farquhar na Richard Richards walionyesha mwaka 1984 kwamba aina za ngano hutofautiana kwa kaboni hii, na kwamba tofauti hiyo hufuatana na uangalifu wa mmea katika kutumia maji. Kwa njia hiyo ilichaguliwa ngano iitwayo Drysdale, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2002. Faida yake huonekana zaidi penye ukame. Penye maji mengi, mmea unaobana matundu waweza kukua polepole kuliko wenzake.

Kuyatenganisha

Mikarafuu yetu asili yake ni visiwa vya Maluku, nayo ilifika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kupitia Mauritius na Réunion. Mbegu iliyosafiri hivyo haikuwa ya miti mingi. Kwa hiyo tuonapo mti wa bondeni umeshinda wa kilimani, tutazame kwanza udongo na maji, kabla ya kusifu ukoo.

Kupima kaboni ni kazi ya maabara, lakini kanuni yake kila mwanachama aweza kuifuata:

1. Okota mpeta chini ya miti kadhaa, ya bondeni na ya kilimani, na utie kila mti alama yake.

2. Otesha mapema, kwani mbegu ya mkarafuu haikai.

3. Weka miche yote katika kitalu kimoja, kivuli kimoja na maji sawa.

4. Shambani ichanganye, usipande ukoo mmoja wote mahali pamoja.

5. Andika ipi imekufa na ipi imesimama baada ya kila kiangazi.

Miche ikiwa imelelewa pamoja na bado ukoo mmoja ukawashinda wengine, hapo ndipo tutakapokuwa na sababu ya kusema ni nasaba. Mkarafuu hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri. Anayekosea kuchagua mpeta leo, hasara yake ataipata yeye na wanawe.