Linda Ubavu wa Kiti cha Dereva

Ukitaka kujua gari la kifahari la spoti limetumiwaje, acha injini kwanza. Fungua mlango wa dereva, chuchumaa, utazame ubavu wa nje wa kiti, yaani ile kingo iliyoinuka ili kumshika dereva asiyumbe kwenye kona. Katika BMW 3 Series ya M Sport au Mercedes C-Class ya AMG Line, magari ya mtumba yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani na Uingereza, mara nyingi utakuta ubavu huo umeparara, rangi imebanduka kileleni, na pengine sponji inachungulia kwenye mshono. Kiti cha abiria kando yake bado kizima. Ngozi ni ile ile, jua ni lile lile, umri ni ule ule. Kilichotofautiana ni namna dereva anavyopanda na kushuka.

Tazama tendo lenyewe kwa karibu. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo dereva anatanguliza mguu wa kushoto kisha anajiachia kitini kwa uzito wake wote. Kiti cha gari la spoti kiko chini na mbavu zake ziko juu, basi kinachoupokea uzito huo kwanza ni kilele cha ubavu wa kulia. Halafu anateleza kuingia katikati, mishono ya suruali ikisugua ngozi. Kushuka ndiko kubaya zaidi: anatoa mguu wa kulia, anaukalia ubavu kama kigoda, anajisukuma kwenda juu, na njiani funguo za mfukoni, vifungo vya chuma vya jinzi na chuma cha mkanda vinakwangua. Msomaji wa Kigali, Bujumbura au Bukavu mwenye gari la usukani wa kushoto ageuze tu upande.

Ubavu hauhesabu kilomita, unahesabu mara ulizoshuka. Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 500, na dereva aliyesimama Mtito Andei kula ameshuka mara mbili basi. Anayefuatilia shughuli zake mjini, benki, hardware, shuleni kwa watoto, anaweza kushuka mara kumi kabla ya kumaliza kilomita 30. Ndiyo maana sishauri kumwita muuzaji mwongo kwa sababu ya ubavu peke yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini hata gari la miaka 6 au 7 limeshakaliwa na mtu ambaye hukumwona akishuka. Ubavu ukiwa umekwisha na odometa inasoma kilomita 40,000, angalia pia usukani pale mikono inaposhika na mpira wa kanyagio la breki. Vyote vitatu vikichoka pamoja, hapo una haki ya kuitilia shaka odometa.

Mbinu inayookoa kiti kuliko zote haina gharama. Ukishazima gari, sogeza kiti nyuma na ukipandishe kidogo ikiwa paa linaruhusu. Geuza mwili mzima, si mguu mmoja, mpaka miguu yote miwili ikanyage chini. Shika nguzo ya mlango au kizingiti, inua makalio yauvuke ubavu, ndipo usimame. Wakati wa kupanda fanya kinyume: kipe kiti mgongo, inamisha kichwa, tua ndani ya ubavu na si juu yake, kisha ingiza miguu yote pamoja. Aliyevaa kanzu au sketi ya kubana hupanda hivi bila kuambiwa. Kwa mzazi mwenye magoti yanayouma, ambaye hawezi kujiinua, tandika taulo laini juu ya ubavu anapopita, kisha uliondoe kabla ya safari.

Viti vingi vya spoti vya BMW vina swichi ya kubana na kuachia mbavu za mgongo. Watu huzibana siku ya kwanza kwa raha ya kushikwa vizuri, wakaziacha hivyo miaka. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela au Thika Road hakuna kona ya kukuyumbisha, kwa hiyo ziachie, uzibane ukitoka mjini. Magari yenye kumbukumbu ya viti nayo huwa na mpangilio wa kuinua usukani au kurudisha kiti nyuma dereva anapozima gari. Wengi huuondoa kwa kuona unawachelewesha. Urudishe, kwa sababu nafasi ikiongezeka mwili hauna haja ya kujikokota juu ya ubavu.

Halafu kuna uchafu, na hapa ndipo watu huharibu viti huku wakiamini wanavitunza. Ngozi ya gari kwa kawaida imepakwa rangi, na juu ya rangi kuna utando mwembamba wa poliurethani. Unachogusa kila siku ni utando huo. Ile desturi ya kupaka mafuta ya mgando, mafuta ya nazi au polishi ya dashibodi ili kiti king'ae naipinga kabisa. Mafuta hayapenyi utando. Yanabaki juu, yananasa vumbi, na kila dereva anapoteleza vumbi hilo linakwangua. Ngozi ya gari iliyo safi kwa kawaida ina rangi iliyopoa, haimeremeti. Ukiona ubavu unang'aa, hasa kwenye viti vyeusi, ujue umejaa jasho, losheni na mafuta ya mwili, vitu ambavyo vikikaa muda mrefu hulainisha utando mpaka rangi inaanza kutoka.

Futa kiti cha dereva kila baada ya wiki mbili kwa kitambaa cha maikrofaiba kilicholoweshwa maji na kukamuliwa sana. Kila baada ya miezi mitatu kioshe kwa utaratibu. Nyonya vumbi kwanza kwa mashine, ukiingia vizuri kwenye mishono, maana ukianza na maji unageuza vumbi kuwa tope na kulisukuma ndani ya uzi. Weka dawa ya kusafishia ngozi kwenye brashi laini, si moja kwa moja kitini. Sugua taratibu eneo dogo, lisizidi upana wa viganja viwili, ulifute kabla halijakauka, ndipo uhamie jingine. Kitambaa kitatoka na weusi hata kama kiti kilionekana safi. Acha kikauke kivulini. Mahali pa kuoshea magari, toa agizo mapema kwamba viti visiguswe na ndoo ya sabuni ya unga iliyooshea mazulia. Sabuni ile ni kali mno kwa utando huu.

Wa Pwani wana kazi ya ziada. Ukitoka kuogelea Diani au Bagamoyo na kukaa na nguo zenye maji ya chumvi, mchanga na mafuta ya kukinga jua, unaweka juu ya ngozi vitu vyote isivyovipenda kwa pamoja. Beba kanga kuukuu ya kukalia. Nasema kuukuu kwa makusudi, kwani kanga mpya isiyofuliwa ikipata unyevu huachia rangi, sawa na jinzi mpya, na kiti cha rangi ya maziwa kikishanywa buluu ya jinzi kwa miezi kadhaa hakioshwi tena kikarudi. Doa la namna hiyo lishughulikie wiki ile ile. Ukiegesha juani, weka kizuia jua kwenye kioo cha mbele.

Si kila kiti kinachoitwa cha ngozi ni ngozi. Mercedes nyingi za AMG Line zimevalishwa Artico, ambayo ni ngozi bandia, na BMW nazo zina Sensatec. Hakuna ubaya, vinastahimili vizuri, ila dawa za kulainisha ngozi ni pesa iliyotupwa juu yake. Ukitaka kuhakikisha, tafuta pindo lililo wazi chini ya kiti: upande wa nyuma wa ngozi halisi una manyoyanyoya, wa ngozi bandia una kitambaa kilichofumwa. Alcantara, ule mfano wa suedi unaowekwa katikati ya viti vingi vya spoti, si ngozi pia. Ni nyuzi nyembamba sana za poliesta zikichanganywa na poliurethani, na inatengenezwa Italia. Hiyo ipigwe brashi laini ikiwa kavu, na ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu tu. Ukiisugua kwa nguvu inaota vinundu.

Ikiwa uharibifu umeshaingia, usikimbilie rangi. Bonyeza ubavu wa dereva kwa kiganja, kisha bonyeza ule wa abiria. Hicho ndicho kipimo chako, maana viti vyote viwili vilitoka kiwandani vikiwa sawa. Wa dereva ukibonyea upesi au ukagusa chuma kwa ndani, sponji imekufa, na ngozi iliyo juu yake itaendelea kujikunja na kupasuka hata ikipakwa rangi mara tatu. Sponji irekebishwe kwanza, tena kwa sponji ngumu ya viti vya magari, si mabaki ya godoro. Sponji ikiwa nzima na rangi tu ndiyo imetoka, fundi wa viti ataosha, atatoa mafuta, atapiga msasa laini, atapaka rangi ya ngozi kwa matabaka membamba na kumalizia na utando wa kukinga. Nyufa ndogo huzibwa kwa kijazio kinachonyumbuka. Mpasuko unaopitisha kidole unahitaji kubadilishiwa kipande hicho cha ngozi. Gundi kali ya papo kwa papo usiiruhusu hata kwa dharura: ikikauka inakuwa ngumu na pembe zake zinaanza kuikata ngozi ya pembeni.

Kabla fundi hajafungua kiti, zungumza naye kuhusu mfuko wa hewa. Magari haya huwa na mfuko wa hewa ndani ya ubavu wa nje wa mgongo wa kiti, na lebo ndogo ya AIRBAG kwenye mshono au karibu yake ndiyo ishara. Mshono unaoupisha umetengenezwa ili ufumuke mfuko unapolipuka, kwa hiyo haushonwi tena kwa uzi wowote fundi alionao, na kava za dukani zinazoufunika ubavu wote zinaweza kuuzuia kufunguka. Kava nzuri huachwa wazi pale. Betri itolewe waya na isubiriwe dakika kadhaa kabla ya kuchomoa soketi ya manjano chini ya kiti, na mtu asiwashe swichi ya gari kiti kikiwa nje, la sivyo taa ya mfuko wa hewa itawaka dashibodini na kuhitaji mashine kuifuta. Kiti cha abiria kina pia kihisi cha kutambua kama kuna mtu, kimelazwa chini ya ngozi, nacho hakipendi kukunjwa. Kazi ikiisha, washa gari fundi akiwa bado amesimama pale. Taa ile iwake kidogo na kuzimika yenyewe. Ikibaki inawaka, usilipe salio mpaka sababu ipatikane.