SOMO: FEDHA TASLIMU, KADI NA SIMU WAKATI WA MSIMU



Kila msimu wa karafuu unapokaribia, maswali yanayoulizwa katika matawi yetu huwa ni yale yale: majamvi ya kuanikia yako tayari? Wachumaji watapatikana? Njia za mashamba zinapitika? Siku hizi limezidi swali moja: tulipane vipi? Vijana wanataka kila senti ipite katika simu. Wazee wengi hawaiamini fedha wasiyoishika mkononi. Na jamaa zetu wakirudi safari kutoka Ulaya hutuhadithia kuwa huko mtu huikaribisha simu yake kwenye mashine ya dukani, mashine ikalia mara moja, na malipo yamekwisha. Somo hili limekusudiwa kuzieleza njia hizo moja baada ya moja, ili kila mwanachama achague kwa kujua, si kwa kufuata upepo.

Kubadilika kwa namna ya kulipana si jambo geni visiwani kwetu. Wazee wa wazee wetu walihesabu mali kwa reale. Baadaye ilitumika rupia, na tangu mwaka 1908 Serikali ya Zanzibar ilikuwa na noti zake yenyewe za rupia. Mwaka 1936 ikashika nafasi shilingi ya Afrika Mashariki, kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa rupia moja, na mwaka 1966 ikaja shilingi ya Tanzania. Kila badiliko lilimtaka mkulima ajifunze hesabu mpya, maana asiyejua hesabu hupunjwa mbele ya macho yake. Badiliko la sasa nalo ni hivyo hivyo.

Maswali matatu ya kujiuliza

Njia yoyote ya malipo utakayoletewa, iwe ya zamani au ya leo, iulize maswali matatu. La kwanza: fedha hii inakuwa yangu lini hasa? La pili: gharama yake inamwangukia nani? La tatu: mtambo ukisimama, itakuwaje? Mwenye kuyashika maswali haya hatababaishwa na jina la kampuni wala na uzuri wa mashine.

Fedha taslimu

Fedha taslimu inakuwa yako pale inapotiwa mkononi mwako. Haina ada, haitaki umeme, na mtoto wa madarasa ya chini anaijua. Walakini gharama yake imejificha. Noti huibiwa, huungua, huliwa na mchwa, tena haziachi alama. Mkulima arudiye na mfuko wa noti jioni baada ya kuuza karafuu amebeba jasho la msimu mzima mahali ambapo mtu mmoja muovu anaweza kulichukua kwa dakika moja. Na likizuka shauri baadaye juu ya nani alilipwa nini, fedha taslimu haiwezi kusimama ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali ambayo maneno hayo yanaielekea zaidi kuliko noti za msimu.

Kadi na simu ya kugusisha

Njia hii ndiyo wanayotuhadithia jamaa zetu. Ndani ya kadi mna kipande kidogo cha mtambo na waya mwembamba uliozungushwa. Kadi haina betri. Mashine ya dukani hutoa mawimbi ya redio, na kadi ikikaribishwa, kwa umbali wa sentimita 4 hivi, hupata nguvu kutokana na mawimbi hayo na kujibu. Mashine hupeleka khabari kwa benki ya muuzaji, nayo huiuliza benki ya mnunuzi kwa njia ya mtandao wa kadi, na jibu hurudi kwa sekunde chache. Simu hufanya kazi ile ile, illa yenyewe haimpi muuzaji nambari halisi ya kadi. Hutoa nambari ya badali, na mwenyewe hutakiwa kwanza aifungue simu kwa kidole, kwa uso au kwa nambari ya siri. Kwa sababu hiyo simu iliyopotea ni salama kuliko kadi iliyopotea, kwani kadi ya kugusisha inaweza kulipa kiasi kidogo bila ya kuulizwa nambari ya siri.

Uingereza kadi hizi zilianza mwaka 2007, na malipo moja yalikuwa hayaruhusiwi kupita pauni 10. Watu walipozizoea, kiwango kikapandishwa hatua kwa hatua hadi kufika pauni 45 mwaka 2020 na pauni 100 mwaka 2021. Mabasi ya London yaliacha kabisa kupokea fedha taslimu tarehe 6 Julai 2014. Kampuni ya Apple ilianza njia yake ya kulipa kwa simu nchini Marekani mwezi Oktoba mwaka huo huo.

Sasa tuyaulize maswali yetu. Mashine ikilia, fedha imekuwa ya muuzaji? Bado. Mashine imesema tu kuwa benki ya mnunuzi imekubali. Fedha yenyewe huingia katika hesabu ya muuzaji baadaye, aghlabu siku moja au zaidi, tena mnunuzi akilalamika kwa benki yake inaweza kurudishwa. Gharama ni ya nani? Kwa kawaida ni ya muuzaji, kwani hukatwa sehemu ya kila mauzo. Wanachama wenye mashamba ya viungo wanaopokea watalii, na wanaouza mafuta, sabuni na pakiti za karafuu, wasilisahau jambo hili. Mgeni aliyezoea kugusisha huenda hana noti mfukoni, kwa hivyo mashine inaweza kukuletea biashara ambayo ingekupita. Lakini kabla ya kutia saini, iulize benki makato ni kiasi gani na fedha huingia baada ya siku ngapi, kisha bei yako ifuate hesabu hiyo.

Fedha ya simu tuliyonayo sisi

Wengi hudhani kuwa fedha ya simu ya kwetu ndiyo ile ya kugusisha. Sivyo. Njia ya Ulaya imejengwa juu ya hesabu ya benki na kadi. Ya kwetu ilianzia kwa watu wasio na benki. Kenya ilianza na M-Pesa mwezi Machi 2007, na Tanzania ikafuata mwaka 2008. Mtu humpa wakala noti zake na kuandikiwa kiasi kile kile katika simu. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inazitaka kampuni ziweke fedha za wateja katika hesabu maalumu za amana, mbali na fedha zao wenyewe. Mwanzoni kila kampuni ilikuwa kama kisiwa peke yake. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel ziliunganishwa, na Vodacom ikaingia mwaka 2016, hata mtu wa kampuni moja akaweza kumtumia wa kampuni nyengine moja kwa moja.

Faida yake kubwa ni kuwa yatosha simu ndogo ya vibonyezo, na haitaki intaneti katika simu ya mtumaji. Fedha huwa yako mara inapoingia katika salio lako. Tumesema salio, hatukusema ujumbe. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Hapana asiyewahi kuletewa maneno ya "ile hela tuma kwa namba hii", au kupigiwa na mtu akilia kuwa amekosea kutuma na arudishiwe. Na wapo wanaomwonesha muuzaji kioo cha simu yao na kusema "nimeshatuma, tazama". Usitazame simu ya mwenzio. Tazama salio lako. Likiwa halikupanda, hujalipwa, na kanda la karafuu lisitoke.

Gharama hapa ina sehemu mbili. Anayetuma hulipa ada ya kutuma, na anayepokea hulipa ada ya kutoa kwa wakala. Ada hizo hufuata viwango vya kiasi cha fedha, na zinaweza kubadilishwa. Mwezi Julai 2021 Serikali iliongeza tozo juu ya miamala ya simu, manung'uniko yakawa mengi, na mwezi Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kwa hivyo usifanye hesabu ya msimu huu kwa ada za msimu uliopita.

Mtambo ukisimama

Swali la tatu ndilo watu husahau. Tarehe 28 Aprili 2025 umeme ulizimika Hispania na Ureno karibu nchi zima, na watu waliozoea kadi na simu wakajikuta hawawezi kununua chakula ila mwenye noti na sarafu. Sweden ni miongoni mwa nchi zilizoiacha mno fedha taslimu. Hata hivyo, mwezi Novemba 2024 serikali yake ilipeleka kijitabu katika kila nyumba kuwaeleza raia namna ya kujiandaa kwa maafa na vita, na miongoni mwa nasaha zake ni kuweka nyumbani fedha taslimu za kutosha wiki moja.

Sisi tusijione tuko mbali na mambo hayo. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale njia ya umeme kutoka bara ilipoharibika. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikadhoofika Tanzania na nchi jirani. Simu ndogo haitaki intaneti, kweli, lakini mnara wa simu unataka umeme, na mitambo ya kampuni nayo inataka kuwasiliana. Mtego wa hatari ni kuwa siku ya kusimama mtambo haitangazwi, na inaweza kuwa ndiyo siku wachumaji 20 wamekaa chini ya mkarafuu wakingoja ujira wao. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi mkulima afanye nini?

Kwanza, fedha nyingi za mauzo zisilale nyumbani. Panapowezekana, zipokelewe katika hesabu ya benki au simu, na risiti ya mizani iwekwe pamoja na ushahidi wa malipo.

Pili, ujira wa wachumaji utengewe fedha taslimu ya siku tatu au nne, iwe noti ndogo ndogo. Mchumaji aghlabu ananunua unga wa usiku ule ule kwa ujira wa mchana ule ule. Kumwambia "mtandao hauko, njoo kesho" ni kumwambia watoto wake walale na njaa.

Tatu, mkikubaliana kulipana kwa simu, kubalianeni pia juu ya ada. Mchumaji aliyeahidiwa ujira fulani, akatumiwa kiasi hicho, kisha akakatwa kwa wakala, hakupata alichoahidiwa. Uadilifu ni kumwongezea ada ya kutolea. Tena hesabuni mara za kutuma: wachumaji 10 wakilipwa kila jioni kwa siku 20 ni kutuma mara 200, wakilipwa kila siku ya tano ni mara 40. Lakini uamuzi huo uwe kwa ridhaa ya mchumaji, si kwa amri ya mwenye shamba.

Nne, kabla ya kuthibitisha, soma jina linalotokea katika simu. Likiwa si la mtu unayemkusudia, acha. Fedha ikishakwenda kusikotakiwa, piga simu kwa kampuni papo hapo, kwani ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirejesha.

Tano, nambari ya siri asipewe mtu: si wakala, si karani, wala mtoto mpendwa ajuaye simu kuliko wewe. Asiyeona vizuri ajifunze kuibonyeza kwa kuzoea nafasi za vibonyezo.

Sita, yote yaandikwe. Daftari lenye safu tano latosha: tarehe, jina, pishi au kilo zilizochumwa, kiasi kilicholipwa, na njia iliyotumika. Simu huanguka majini, na ujumbe hufutika. Daftari hubaki, na siku ya mirathi au ya shauri ndilo litakalosema.

Hatusemi kuwa simu ni mbaya au noti ni bora. Mkulima ana panga, ana kipolo cha kuvutia matawi, na ana ngazi, wala hapandi mti kwa panga. Kila chombo kina kazi yake, na aliye na vyombo vitatu hasimamishwi na kuharibika kwa kimoja.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wa tawi

1. Mnunuzi amekuonesha ujumbe wa kukulipa, na salio lako halikupanda. Utamjibu nini, na karafuu zitakaa wapi mpaka uhakika upatikane?

2. Kwa ada za leo, kumtumia mchumaji mmoja ujira wa siku moja kunagharimu kiasi gani kwako, na kiasi gani kwake anapotoa? Nani katika tawi letu analipa gharama hiyo sasa?

3. Umeme na simu vikikatika siku nne katikati ya msimu, ni wanachama wangapi wa tawi hili wanaoweza kuwalipa wachumaji wao?

Makatibu wa matawi wanaombwa kuyaandika majibu ya swali la tatu na kuyaleta katika mkutano wa wanachama wote kabla ya uchumaji kuanza.