Mtumbwi Mwepesi: wa Mtu Mmoja au wa Wawili? Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Kwa mvuvi mdogo, kikundi cha vijana wanaotembeza wageni mikokoni, au akina mama wanaofuga kaa, mtumbwi mara nyingi ndio ununuzi mkubwa wa kwanza. Katika mikono ya bahari ya Mida, Kilifi, Takaungu na Mtwapa, mtumbwi mwepesi una mvuto wake: unabebeka, unakwenda kwa nguvu kidogo na hauhitaji mafuta. Hata hivyo, wepesi peke yake haumfanyi mtumbwi kuwa salama wala kufaa kazi. Uliotengenezwa kwa mtu mmoja ukipakiwa wawili huzama kimya kimya, sentimita baada ya sentimita. Uliotengenezwa kwa wawili ukiendeshwa na mmoja hugeuzwa na upepo.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua, na vipimo ambavyo mkaazi anaweza kufanya mwenyewe ufuoni kwa mtungi wa maji na mizani ya samaki.

Nani atapiga kafi siku nyingi?

Swali la kwanza halihusu bei. Mnunuzi ahesabu wiki yake ya kawaida: ni siku ngapi atatoka peke yake, na ni siku ngapi atakuwa na mwenzake? Mtumbwi ununuliwe kwa ajili ya siku zilizo nyingi, si kwa ajili ya siku moja ya mwezi ambapo binamu atakuja kusaidia.

Kwa kawaida, mtumbwi wa mtu mmoja huwa na urefu wa kati ya mita 3.7 na 4.6. Wa watu wawili huwa kati ya mita 4.6 na 5.5. Mrefu hukata maji vizuri na hushika njia iliyonyooka, jambo linalofaa kwa safari ndefu. Mfupi hugeuka upesi, na huo ndio unaofaa katika vijia vyembamba vya mikoko.

Upana nao una pande mbili. Mtumbwi mpana hautikisiki ovyo, lakini mtu mmoja anayekaa katikati hulazimika kunyoosha mikono mbali ili kafi lifike majini, na huchoka mapema. Sakafu iliyo bapa hutulia kwenye maji shwari. Sakafu ya mviringo huenda kasi zaidi, ila humyumbisha asiyeizoea. Kwa anayeanza, na kwa anayebeba wageni, iliyo karibu na bapa ndiyo yenye busara.

Faida ya wepesi iko nchi kavu

Maji yanapokupwa Mida, uwanda mpana wa tope hubaki wazi. Mwenye mtumbwi ana njia mbili: kuuvuta hadi kwenye maji au kungoja yajae. Hapo ndipo kila kilo inapoonekana. Mtumbwi wa kilo 60 una uzito sawa na mitungi mitatu ya lita 20 iliyojaa maji. Watu wawili wataubeba, kila mmoja kilo 30. Mtu mmoja atauburuta, na kuuburuta kila siku juu ya mawe na makombe ya chaza hula sakafu yake.

Asiyeweza kuutoa mtumbwi majini peke yake huishia kuuacha umefungwa kwenye mkoko usiku kucha. Huko unajaa mvua, unagongwa au unaibwa.

Muuzaji akisema mtumbwi ni mwepesi, mnunuzi aombe mizani ya kuning'iniza inayotumika kupimia samaki. Ancha moja iinuliwe kidogo kutoka chini na uzito usomwe. Kisha ncha ya pili ipimwe vivyo hivyo. Jumla ya vipimo hivyo viwili ni takriban uzito wa mtumbwi mzima.

Mtungi wa lita 20 ni mwalimu

Majini, swali linakuwa jingine: mtumbwi unashuka kiasi gani kila mzigo unapoongezwa? Hesabu yake ni nyepesi. Lita moja ya maji ina uzito wa takriban kilo 1, kwa hivyo kila kilo inayopakiwa husukuma karibu lita moja ya maji.

Chukua mtumbwi wa mita 5 wenye upana wa sentimita 60. Kwa kuwa ncha zake ni nyembamba, eneo linalokalia maji ni takriban mita 2 za mraba. Mtumbwi huo hushuka karibu sentimita 1 kwa kila kilo 20, yaani kwa kila mtungi mmoja uliojaa. Ule wa mita 4 wenye upana wa sentimita 55 una eneo la karibu mita 1.5 za mraba. Huo hushuka sentimita 1 kwa kila kilo 15 tu.

Sasa tuseme mvuvi mmoja na nyavu zake wanabakiza ubavu wa sentimita 22 juu ya maji katika kila mmoja wa mitumbwi hiyo. Aongezeke mwenzake wa kilo 70, samaki wa kilo 40 na mitungi miwili ya maji. Hizo ni kilo 150. Mtumbwi mrefu utashuka sentimita 7.5 na kubakiza 14.5. Mfupi utashuka sentimita 10 na kubakiza 12.

Kipimo cha tahadhari kinachotumika sana ni kubakiza angalau sentimita 15 za ubavu kwenye maji shwari. Kwa hivyo hata mtumbwi mrefu wa mfano huu umevuka mpaka kidogo, na mtungi mmoja unafaa kubaki nchi kavu. Mfupi haufai kabisa kwa mzigo huo. Wimbi la boti ya injini linalopita linatosha kuujaza.

Gogo, mbao, faiba au plastiki

Mtumbwi wa gogo, mara nyingi la mwembe, ni mzito lakini mafundi wake wako karibu na kila kijiji cha wavuvi. Hustahimili kugonga mwamba. Adui yake ni jua, linaloupasua ukiachwa bila kivuli. Wa mbao au plaiwudi ni mwepesi zaidi, ila unadai rangi na kuzibwa nyufa mara kwa mara.

Faiba ndiyo huwapa wengi wepesi wanaoutafuta, na haiozi. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji si wote huligusa. Mti huelea hata mtumbwi ukijaa maji, na aliyepinduka ana kitu cha kushikilia. Faiba yenyewe ni nzito kuliko maji. Mtumbwi wa faiba ukijaa huenda chini, isipokuwa uwe na vyumba vya hewa vilivyozibwa au povu gumu kwenye ncha zote mbili. Asiyeonyeshwa vyumba hivyo asinunue. Faiba pia hupasuka ikigonga matumbawe, na kuitengeneza kunahitaji vifaa na fundi anayeijua.

Plastiki nene hupokea kipigo vizuri kuliko faiba, lakini kwa urefu ule ule huwa nzito zaidi, na ikipasuka ni vigumu kuiziba.

Mmoja ndani ya mtumbwi wa wawili

Familia nyingi zinaweza kununua mtumbwi mmoja tu. Hapo ni bora kuchukua wa wawili na kujifunza kuutumia peke yako. Kosa la kawaida ni kukaa nyuma kabisa, mahali pa nahodha. Omo huinuka juu, na upepo wa kusi au kaskazi huisukuma kama mlango ulioachwa wazi.

Mpiga kafi wa peke yake anafaa kukaa katikati au nyuma ya katikati kidogo. Ikiwa viti vimefungwa, mtumbwi ambao ncha zake zinafanana unaweza kugeuzwa: akae kwenye kiti cha mbele akitazama upande uliokuwa nyuma, maana kiti hicho huwa karibu zaidi na katikati. Njia ya tatu ni kuweka mtungi wa maji uliojaa mbele, ukiwa umefungwa kwa kamba usiteleze. Wimbi likianza, kupiga magoti sakafuni hushusha uzito wa mwili na kuutuliza mtumbwi.

Wakiwa wawili, mzito na mzoefu hukaa nyuma kuelekeza, mwepesi hukaa mbele kuweka mapigo. Wapige kafi pande tofauti na kwa wakati mmoja. Mizigo yote ikae chini na katikati.

Jaribio la nusu saa kabla ya kulipa

Mnunuzi anashauriwa kufanya haya kwenye maji ya kiunoni, akiwa na mtu wa pili na jaketi za kuokolea maisha:

1. Pima uzito wa mtumbwi kwa mizani. Jaribu kuuvuta peke yako hatua 20 kwenye mchanga.
2. Pakia mitungi iliyojaa hadi ifikie mzigo wa siku yako ya kazi, ukiwemo uzito wa watu. Pima ubavu uliobaki kwa rula.
3. Piga kafi peke yako, kisha mkiwa wawili, ukielekea kwenye upepo na kurudi.
4. Ondoa mizigo na ujaze mtumbwi maji. Je, bado unaelea? Unaweza kuyakumba maji hayo na kupanda tena?
5. Kagua sakafu na viungo kwa mkono, hasa mahali palipopakwa rangi mpya.

Muuzaji anayekataa jaribio hili amekwisha kutoa jibu.

Kabla ya safari ya kwanza

Mtumbwi mwepesi usio na matengo ni chombo cha maji yaliyokingwa. Nje ya miamba ni mahali pa ngalawa na vyombo vikubwa. Wakati wa kusi, ambayo hutawala katikati ya mwaka, hata mikono ya bahari huchafuka, kwa hivyo ni vyema kutoka asubuhi na kurejea kabla upepo haujashika nguvu. Kila mtu avae jaketi yake, isiwe ya kukalia. Kafi la akiba na kopo la kukumbia maji vifungwe ndani.

Chombo cha uvuvi kinapaswa kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016. Mahali pa kuanzia ni kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) cha eneo lako. Wanaobeba wageni kwa malipo waulize kwanza masharti ya usalama ya Mamlaka ya Ubaharia nchini, KMA. Watakaofanya kazi Watamu wakumbuke kuwa uvuvi hauruhusiwi ndani ya mbuga ya baharini, iliyotengwa mwaka 1968, na kwamba kukata mikoko bila idhini ni kosa.

Wenye maswali kuhusu usajili au mafunzo wafike katika ofisi ya uvuvi iliyo karibu nao. Vikundi vinavyopanga kununua chombo kwa pamoja vinahimizwa kwenda na orodha iliyo hapo juu ikiwa imejazwa vipimo, kwa sababu afisa hushauri vyema zaidi anapoona tarakimu kuliko anapoonyeshwa picha ya mtumbwi kwenye simu.