Viatu vya Mpira wa Vinyoya na Usalama wa Kifundo cha Mguu

Jumatatu asubuhi mgonjwa huingia kliniki akichechemea, kifundo kimevimba upande wa nje, akieleza kwamba aliteguka Jumamosi ukumbini alipokuwa akicheza mpira wa vinyoya, yaani badmintoni. Sisi wahudumu wa afya humkagua, tukamfunga bandeji, tukampa dawa ya maumivu na kumwambia apumzike. Swali moja aghalabu husahaulika: alikuwa amevaa viatu gani? Akiulizwa, yamkini atajibu kwa fahari kwamba alivaa raba za kukimbilia, mpya, zenye soli nene na laini, alizozinunua kwa bei ya juu hasa kwa ajili ya kuilinda miguu yake. Raba hizo si mbovu hata kidogo, ila zimetengenezwa kwa kazi nyingine.

Autazamaye mchezo huu kwa mara ya kwanza huuona wa upole, kwa kuwa kinyoya chenyewe kina uzito wa gramu 5 hivi. Uwanja wa wawili kwa wawili una urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1, ule wa mmoja kwa mmoja ni mwembamba zaidi, mita 5.18, lakini anayecheza peke yake hulazimika kuzifikia kona zote za nusu yake na kurejea katikati kabla kinyoya hakijarudi. Hapo ndipo miguu inapotozwa gharama: kwenda kwa ubavu, kurudi kinyumenyume, kuruka na kutua kwa mguu mmoja. Hatua iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya kukifuata kinyoya kilichoangushwa karibu na wavu. Mguu wa upande wa mkono ulioshika raketi hutupwa mbele kwa hatua ndefu, kisigino hutua kwanza, goti hukunjika, mwili mzima husimama ghafla, na papo hapo mguu uleule huusukuma mwili kurudi nyuma.

Kiatu cha kukimbilia kimeundwa kwa mwendo wa kwenda mbele. Kisigino chake kimeinuliwa na kujazwa sponji ili kupunguza kishindo, na kitambaa chake cha juu ni chepesi, hakiuzuii wayo kusogea kando. Mchezaji akitua kwa ubavu, sponji hubonyea upande mmoja na wayo huteleza ndani ya kiatu hadi ukingoni. Kanuni inayotawala hapa ni ya wenzo: kadiri wayo unavyokaa juu zaidi ya sakafu, ndivyo nguvu ndogo ya ubavu inavyotosha kuupindua. Kinachoumia kwanza ni ligamenti fupi inayouunganisha mfupa wa fibula na ule wa talasi, mbele kidogo ya nundu ya nje ya kifundo. Ikishavutika kupita kiasi au kukatika, hupungua pia uwezo wa kifundo kuhisi kimekaaje, na ndiyo maana aliyeteguka mara moja huwa mwepesi wa kuteguka tena. Mwandishi wa somo hili aliteguka kifundo kilekile mara tatu kabla ya kukubali kuziacha raba alizozipenda.

Kiatu kifaacho, basi, humkalisha mchezaji karibu na sakafu. Soli yake ni bapa, haikuinuka sana kisiginoni, na ukingo wake wa nje umetanuka kidogo penye vidole ili kuzuia kupinduka. Sehemu ya nyuma inayokumbata kisigino ni ngumu; ukiibonya kwa vidole viwili haikunjiki. Ubavuni pana utepe au ngozi iliyoshonwa imara, kwa kuwa hapo ndipo wayo husukumia. Chini pana mpira laini wa asili, mara nyingi wa rangi ya kahawia kama asali, unaoshika sakafu bila kuacha alama nyeusi. Watunzaji wa kumbi husisitiza jambo hilo la alama kwa ajili ya sakafu yao. Kwa mchezaji kilicho muhimu ni ule mshiko.

Hata hivyo mshiko nao una kiasi chake. Soli inayong'ang'ania sakafu mno huufunga wayo mahali pamoja huku goti likigeuka, na hilo ni jeraha zito kuliko mteguko. Kwenye sakafu ya mbao iliyo safi au mkeka wa plastiki, mpira laini hufanya kazi yake vizuri. Kwenye sakafu ya saruji, ambayo wengi wetu tunaichezea kwa kuwa ndiyo iliyopo, mpira huo hulika upesi, vumbi huufanya uteleze, na kishindo cha kutua hakipunguzwi na sakafu hata chembe. Anayecheza kwenye saruji achague kiatu chenye sponji ya kutosha kisiginoni, lakini kilicho bapa na kipana, na ukumbi ufagiliwe na kupigwa deki kabla ya mchezo.

Viatu vijaribiwe jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo mchana kutwa, na kwa soksi zilezile za mchezo. Wengi wetu tuna mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Kipimo kifuate ule mrefu. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole kimoja cha mkono, la sivyo kila hatua ndefu ya kwenda wavuni itakipiga kidole kwenye ncha ya kiatu, na kucha zitakuwa nyeusi. Mnunuzi asione haya kupiga hatua hiyo palepale dukani, kisha aende kwa ubavu mara kadhaa. Kisigino kikipanda au wayo ukisogea ndani, arudishe kiatu rafuni.

Kwa mnunuzi wa mitumba tahadhari ni nyingine. Sponji na gundi huzeeka hata kama kiatu hakikuvaliwa, hivyo kiatu kinachong'aa chaweza kubanduka soli katika mchezo wa kwanza. Kishike kwa mikono miwili ukikamue kama nguo iliyofuliwa: katikati kikatae, kwenye maungio ya vidole kikubali kukunjika. Bonyeza ukucha kwenye mpira wa soli. Usipoacha hata alama ndogo, umeshakauka. Kisha kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kikiinamia upande, kimeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza, wala hakuna soli ya ndani itakayokirekebisha.

Wapo wagonjwa wanaohitaji neno la ziada. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo hawezi kutegemea maumivu yamwonye kwamba kiatu kinabana. Apimwe hisia kabla ya kuanza mchezo, kisha aikague miguu yake na ndani ya viatu kila anapocheza. Aliyevuka umri wa miaka 35 na kurejea uwanjani baada ya miaka mingi yumo katika hatari ya kukatika kano kubwa ya kisigino. Kiatu bapa humfaa kifundo, ila humvuta kano hiyo zaidi kuliko raba aliyoizoea, kwa hiyo akizoee kidogo kidogo na kuinyoosha misuli ya shavu la mguu. Mtu akisema alihisi kama amepigwa teke kwa nyuma ilhali hapakuwa na mtu, mlaze kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, uminye shavu la mguu. Wayo usipotikisika, mpe rufaa siku hiyohiyo.

Kuhusu mteguko wa kawaida, mhudumu wa afya azikumbuke kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada. Mwenye maumivu ya kifundo apigwe picha ya eksirei iwapo hakuweza kutembea hatua nne baada ya kuumia na hawezi hata sasa, au iwapo mfupa unauma ukibonywa kwenye ukingo wa nyuma au ncha ya nundu yoyote ya kifundo, sentimita 6 za mwisho. Akiwa na maumivu ya katikati ya wayo, bonya pia shina la mfupa wa tano wa wayo na mfupa wa navikula. Kanuni hizi hazitoshi kwa mgonjwa asiye na hisia miguuni.

Wengi huuliza kama viatu vya shingo ndefu vitawakinga wasiteguke tena. Ushahidi wake ni dhaifu. Kikingio cha kifundo, kile cha kufunga kwa kamba au chenye mabapa magumu ubavuni, kimethibitika zaidi kwa waliokwisha kuteguka, pamoja na mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, macho yakiwa wazi kwanza, kisha yamefumbwa. Atakayevaa kikingio aende nacho dukani, kwa kuwa huongeza unene, na kiatu kilichomtosha bila hicho kitambana.

Viatu vya ukumbini visivaliwe njiani. Vibebwe mfukoni, vivaliwe mlangoni, na soli ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuingia uwanjani.