Simu ya mkononi na lishe ya wazee

Kupungua uzito bila kukusudia si jambo la kawaida la uzeeni. Hamu ya kula huweza kupungua, lakini mahitaji ya mwili ya protini, vitamini na madini hayapungui. Kwa kuwa mabadiliko huja polepole, mara nyingi jamaa huyatambua wakati mzee amekwisha kudhoofika. Simu haimlishi mtu, ila husaidia kuyaona mapema.

Dalili za kuangaliwa
Dalili ni tatu: kupungua uzito bila kukusudia, shida ya kula, kama vile kutafuna, kumeza au kukosa hamu, na wembamba uliozidi. Hata moja ikionekana, yafaa mzee achunguzwe.

Namna ya kutumia simu
• Uzito: Mzee apimwe mara moja kwa mwezi kwa mizani ileile. Uzito na tarehe viandikwe katika simu.
• Picha: Kila mlo upigwe picha kwa siku tatu. Picha humwonyesha mtaalamu wa lishe kiasi kilicholiwa, iwe ni ugali na samaki au chai na mkate tu.
• Kengele: Mfungo wa usiku usizidi saa 11. Anayekula saa 11 jioni na kunywa chai saa 2 asubuhi hukaa saa 15 bila chakula. Kengele ya saa 3 usiku yaweza kumkumbusha kula uji wa maziwa au yai.
• Vitamini D: Mamlaka ya chakula ya Sweden, Livsmedelsverket, inashauri kila aliyezidi umri wa miaka 75 atumie nyongeza ya mikrogramu 20 kila siku. Kengele yafaa hapa pia.

Kupata msaada Stockholm
Ushauri wa afya hupatikana kwa simu 1177, usiku na mchana. Katika tovuti ya 1177.se, mgonjwa huweza kuandikia kituo chake cha afya na kuomba kuonana na mtaalamu wa lishe. Mkalimani huombwa mapema, na mgonjwa hamlipi.

Tahadhari
BankID ni ya mwenyewe. Isitumiwe kamwe kwa kuombwa na mtu aliyepiga simu, hata akijitambulisha kuwa muuguzi. Asiyetumia simu ya kisasa hapotezi haki yake: daftari na kalamu hutosha kuandika uzito, na kituo cha afya hupigiwa simu ya kawaida.