Matembezi ya Historia Kuanzia Kwa Sadala

Mwalimu anayewatembeza wanafunzi Kaole, karibu na Bagamoyo, huonyesha magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale. Mwalimu wa Kwa Sadala, wilayani Hai, hana gofu la kuonyesha. Kwa sababu hiyo wengi wetu hufundisha historia ya pwani peke yake, na mtoto wa mlimani huamini kwamba kwao hakukutokea jambo. Matembezi ya saa mbili yaweza kuiondoa dhana hiyo.

Maandalizi. Hatuna budi kuipita njia kwanza bila wanafunzi, kupima muda, kuomba ruhusa ya wenye mashamba na kupanga namna ya kuvuka barabara kuu kwa usalama. Vituo vitatu vyatosha, kila kimoja na swali lake.

Kituo cha kwanza: sokoni. Neno "kwa" huonyesha mahali pa mtu. Je, Sadala alikuwa nani? Mwalimu asijibu, wanafunzi wawaulize wazee wawili au zaidi, kisha walinganishe majibu.

Kituo cha pili: mfereji. Wachagga walichimba mifongo ya kuteremsha maji ya mlimani hadi mashambani kabla ya utawala wa Wajerumani. Je, nani hugawa maji, na nani husafisha mfereji? Hapo mtoto atatambua kuwa mfongo ni kazi ya mikono na pia ni mapatano ya watu.

Kituo cha tatu: kihamba chenye mibuni, upande wa juu. Mwaka 1925 wakulima wenyeji wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kahawa, KNPA. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Je, mibuni hii ilipandwa na nani? Na iliyong'olewa, iling'olewa kwa nini?

Darasani. Wanafunzi wachore ramani ya njia, kisha wajaze jedwali la safu mbili: "Tuliyoyaona" na "Tuliyoambiwa". Wazee wakitofautiana, maelezo yote yaandikwe. Hivyo ndivyo mtoto ajifunzavyo kupima ushahidi badala ya kukariri tarehe.

Inafaa matembezi haya yafanyike mapema katika mwaka. Magofu ya Kaole yatamngoja mwalimu. Mzee ajuaye jinsi mfongo ulivyochimbwa huenda asimngoje.